Miezi Ambayo Mama Alinipenda

Mama yangu aliamini magonjwa yanayoonekana. Kidonda, kuhara, homa ya kutetemesha kitanda, mguu uliovunjika. Mengine yote aliyaita uvivu uliokwenda shule. Kwa hiyo siku niliyorudi kwake kutoka Sengerema, nimevimba uso, nimevaa sweta mchana wa jua kali, hakuniuliza naumwa nini. Alinitazama pale mlangoni, akaitikia shikamoo yangu, akaniambia niweke begi chini nikamenye vitunguu.

Nilikuwa nimeolewa kule ng'ambo ya ziwa. Mimba zilishika na kutoka, zikashika na kutoka, mpaka mume wangu akaacha kuuliza. Siku aliyonirudisha hakunipiga wala kunitukana. Alisema tu kwamba amechoka kuishi na mtu asiyekufa wala kupona. Sikumbishia, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimejichoka. Nililala nimechoka, nikaamka nimechoka zaidi. Sauti yangu ilikuwa nzito kama ya mwanaume mwenye mafua. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nikianza kusema jambo, nililisahau kabla sijalifikisha mwisho, na watu walibaki wananitazama mdomo.

Mama alikuwa na banda la chakula karibu na kivuko cha Kamanga, upande wa mjini. Ugali, wali, sato wa kukaanga, sangara wa mchuzi. Alilijenga baada ya kumzika baba, alipohama kutoka kwetu Mara na watoto wawili wa kike na sufuria alizoweza kubeba kichwani. Hakuna aliyemsaidia, na jambo hilo hakulisahau, wala hakutuacha sisi tulisahau. Dada yangu mkubwa alikuwa akifanya kazi naye tangu amalize darasa la saba. Dada alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye pumzi fupi, na alikuwa amejifunza kuishi na mama kwa kutomjibu.

Watu wa kivuko hawana subira. Wanakula huku macho yako majini, na pantoni ikipiga honi wanainuka na tonge mkononi. Mimi nilipewa kazi ya kupeleka sahani, na hiyo ilikuwa kazi ya mwisho ambayo ningeiweza. Mteja akiagiza chai, mama alimwambia kwa sauti ya kusikika banda zima, "Kaa ustarehe baba. Pantoni itakwenda na kurudi kabla huyu hajakufikia." Watu walicheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu asiyecheka alionekana amenuna, na aliyenuna aliambiwa arudi kwa mumewe.

Aliniita mzigo. Si kwa hasira. Alilisema kama jina la ubatizo. "Mzigo, leta ndoo. Mzigo, umelala?" Wapo wateja waliodhani ndilo jina langu kweli, na mmoja alinisalimia nalo sokoni, kwa heshima kabisa.

Siku moja nilisinzia nimechutama mbele ya jiko, mkono ukaangukia kwenye mkaa. Dada ndiye aliyenipeleka hospitali, kwa ajili ya kidonda. Daktari alikuwa mwanamke, labda mdogo kwangu kwa umri. Alifunga mkono, kisha akabaki ananitazama uso. Akaniuliza kama nasikia baridi. Akauliza kuhusu choo, kuhusu nywele, kuhusu mimba. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mambo hayo kwa mfuatano, kana kwamba yote ni watoto wa mama mmoja. Akaagiza damu ipimwe.

Majibu yaliporudi, alinieleza kwamba mbele ya shingo kuna tezi ndogo inayotengeneza homoni ya kuuendesha mwili, na yangu imelala. Haitaamka tena. Nitameza kidonge cha homoni hiyo kila asubuhi kabla ya kula chochote, kwa maji matupu, maisha yangu yote. Nililia pale kwenye kiti. Daktari alidhani nalilia hayo maisha yote, akaanza kunifariji. Nililia kwa sababu kitu kile kilikuwa na jina, na jina lenyewe halikuwa mzigo.

Nilipomweleza mama, aliniinua kidevu kwa kidole kimoja, akaikagua shingo yangu kama anayenunua kuku.

"Rovu nalijua," alisema. "Bibi yako alikuwa nalo kubwa kama chungu, na alilima mpaka wiki anayokufa. Wewe una shingo kama ya mwalimu."

Vidonge vile vya kwanza vilinisaidia kidogo. Sweta nililivua. Sauti ilirudi nusu. Lakini baada ya miezi kadhaa nilianza kuzama tena, na daktari akaniongezea viwe viwili kwa siku. Hata viwili havikunitoa mbali. Nilikuwa navitunza bandani, juu ya boriti, chini ya bati, mahali ambapo mchana huwezi kuweka kiganja. Hakuna aliyenikataza, na mimi sikujua kwamba dawa nayo inaweza kuiva.

Kisha vidonge vile vikapotea mjini. Nilizunguka maduka ya dawa mpaka nikachoka, kila duka wananiambia havipo na hawajui vitakuja lini. Nilirudi kwa daktari. Akanibadilishia, akaniandikia vya kampuni nyingine, nguvu ileile, viwili kila asubuhi kama kawaida. Alinionya nisiviweke tena kwenye joto. Akasisitiza kwamba mwili haupokei dawa za makampuni mbalimbali kwa namna moja, kwa hiyo nirudi baada ya mwezi na nusu nipimwe damu. Nilisikia vizuri. Siwezi kusema sikusikia.

Mabadiliko yalikuja taratibu kwanza, halafu kwa kasi. Niliamka asubuhi moja kabla ya jogoo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sikuhitaji kujiinua kwa mikono miwili. Nilifagia uwanja. Nilisugua masufuria ya jana mpaka yakaonyesha sura yangu. Mama alipotoka chumbani alikuta moto umewaka, chai imechemka, na mimi nasubiri kuambiwa cha kufanya. Alikunywa chai yake amesimama, akinitazama juu ya kikombe.

Baada ya wiki chache nilikuwa nafanya kazi ya watu watatu. Nilishuka mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inakofikia, kuchagua samaki, nikapanda na ndoo kichwani, nikaparua magamba, nikakaanga, nikahudumia, nikakusanya vyombo kabla mteja hajafuta mdomo. Mwili ulipungua mpaka sketi ikawa inashikwa kwa pini. Uso ulitoka kwenye uvimbe wake kama mtu anayetoka majini. Wanaume waliokuwa wakinicheka walianza kuniuliza nimeolewa wapi.

Na mama akanipenda.

Sijui niliseme vipi ili nieleweke na mtu aliyependwa tangu utotoni. Mama aliacha kuniita mzigo. Alianza kuniita kwa jina nililobatizwa, akilitamka polepole, kama kitu alichokiazima na anaogopa kukiharibu. Alininunulia kitenge cha rangi moja na chake, tukashona sare, tukaenda kanisani tumefuatana, mimi kulia kwake. Akinitambulisha kwa akina mama wa jumuiya alisema, "Huyu ndiye mwanangu," na dada yangu amesimama nyuma yetu na gauni lake la siku zote.

Alianza kunipa kipande cha samaki alichokuwa akijiwekea yeye, kile cha karibu na kichwa. Alinisimulia mambo ya baba ambayo sikuwahi kuyasikia. Alicheka nikisema neno. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, nami nilikuwa naona kwa mara ya kwanza kwamba mama yangu ana mwanya mdogo kwenye meno ya pembeni.

Kwa hiyo mikono ilipoanza kutetemeka, niliificha. Nilibeba sahani kwa kuibana kifuani. Jasho lilinitoka hata tukiwa tumekaa kivulini, nikasema ni moto wa jiko. Tumbo liliharisha kila siku. Moyo ulikuwa ukigonga nikiwa nimelala chali, ukigonga masikioni, ukigonga kwenye godoro, mpaka nikadhani dada aliyelala kitanda cha pili anausikia. Mwezi na nusu ulipita. Mama aliniuliza mara moja kuhusu ile siku ya kupimwa, nikamwambia nitakwenda kazi ikipungua. Akasema mtu mzima wa afya haendi hospitali. Nikakubaliana naye kwa furaha.

Dawa ile ilininyoosha mwili na ikaninoa ulimi. Kila kitu kilichokuwa polepole kilinikera, na kilichokuwa polepole kuliko vyote pale bandani alikuwa dada. Mama alikuwa ameshamhamishia jina langu la zamani. Akimwita mzigo, mimi ndiye niliyetangulia kucheka. Siku moja banda limejaa, dada alisimama akihema karibu na karai la mafuta, nikamwambia mbele za watu, "Dada, sogea mbali na moto. Mafuta yako yakishika moto hatutapata wa kutuzima." Banda lilicheka mpaka mtu mmoja akapaliwa. Mama alijipangusa macho kwa upindo wa khanga. Dada aliweka mwiko chini, akaenda nyuma ya banda, akakaa huko mpaka wateja wakaisha.

Niliona raha. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa kicheko kile kwa muda mrefu, na upande huu kulikuwa na upepo.

Nilianguka asubuhi ya siku ya kazi, nikipanda kutoka mwaloni na ndoo ya sato kichwani. Moyo, uliokuwa ukikimbia tu siku zote, ulianza kurukaruka bila mpangilio, kama samaki aliyetupwa ndani ya mtumbwi. Pumzi ikakata. Nakumbuka kuiona ndoo ikinitangulia chini, na samaki wakiteleza mchangani. Nilipofungua macho nilikuwa nimelala kwenye mteremko, na mama alikuwa amepiga magoti hatua chache kutoka nilipo. Alikuwa akiwaokota samaki. Aliwafuta mchanga mmoja mmoja kwa khanga yake, akawarudisha kwenye ndoo, kisha ndipo akanijia.

Dada alitoka bandani akikimbia, yeye asiyekimbia, akanishika kichwa.

Hospitali walinipima moyo kwa mashine, wakachukua damu, wakanilaza siku kadhaa. Daktari yuleyule alikuja na majibu. Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, mkoba mapajani, amevaa ile sare yetu ya kitenge. Daktari alituambia kwamba homoni imenizidi mwilini. Vile vidonge vya zamani, alisema, bila shaka vilikuwa vimeharibika kwa joto, ndiyo maana viwili havikutosha. Hivi vipya vilikuwa vizima, na viwili vyake vilikuwa viwili kweli. Nilikuwa najichoma mwenyewe kama taa iliyopandishwa utambi. Sasa nimeze kimoja tu.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa adabu, kama mtu anayeomba apunguziwe bei.

"Daktari, hivi viwili vina ubaya gani hasa? Mwanangu alikuwa amepona."

"Hajapona, mama. Moyo wake unakimbia kupita kiasi."

"Kwani moyo kazi yake si kukimbia?"

Daktari alimweleza tena, polepole zaidi. Alimweleza habari ya mifupa kulika, na moyo kusimama ghafla. Mama aliitikia kila neno. Alipoondoka daktari, mama alibaki akiitazama miguu yangu chini ya shuka. Akasema, "Hawa wasomi hawapendi kumwona mtu amesimama." Halafu akaniambia kwamba kuanzia sasa dawa atanitunzia yeye, nisije nikakosea tena.

Na kweli alinitunzia. Pakiti alikaa nayo chumbani kwake, mbali na bati na moto. Kila alfajiri nilisikia ndala zake zikikokota sakafuni, pazia linafunuliwa, anaingia na kikombe cha bati mkono mmoja na kidonge kwenye kiganja cha mwingine. Alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka nimeze. Alisisitiza maji niyamalize yote, akisema daktari ameagiza. Mara nyingine akinipokea kikombe alinivuta shuka mpaka mabegani, kisha akaenda kuwasha moto yeye mwenyewe.

Mama yangu hakuwahi kuniuguza. Nilipougua surua utotoni, ni dada aliyenipaka mafuta. Kwa hiyo nililala pale alfajiri nikisubiri ndala zile kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Maji yalikuwa na uvuguvugu na weupe kidogo, lakini maji yetu ya kuchemsha siku zote yalikuwa na tope lake, sikuyafikiria.

Moyo haukutulia. Nilirudi kazini baada ya mapumziko mafupi, na kwa mshangao wangu nguvu bado zilikuwepo, na mikono bado ilitetemeka. Nilidhani mwili unachelewa kuelewa. Nilipokwenda kupimwa tena, daktari aliitazama karatasi ya majibu, akanitazama mimi, akafunga mlango.

"Unameza vingapi?"

Nikasema kimoja.

"Dada, damu haina sababu ya kunidanganya. Wewe unayo. Umeona umepungua, umependeza, unaogopa kunenepa. Siyo wa kwanza."

Nilimwapia. Nilimwambia mama yangu mwenyewe ndiye anayenipa, kwa mkono wake. Aliandika kitu huku ananisikiliza kwa uso wa mtu aliyekwisha kusikia. Akasema nikiendelea hivi nitaletwa pale siku moja nimebebwa, na yeye hatakuwa na la kufanya. Nilitoka nimeaibika kwa kosa ambalo sikulijua. Nilipanda gari mpaka kivukoni nikiwa na hasira, nikitafuta pa kuimwaga.

Dada alikuwa nyuma ya banda anaparua samaki. Nilikuta wengi bado hawajaguswa, na mchana unakaribia. Nikamshambulia. Nilimwambia kwamba mimi natoka hospitali mgonjwa wa moyo na bado nitafanya kazi kumzidi. Alinyamaza, kisu kikipanda na kushuka. Kunyamaza kwake kulinichochea. Ndipo nikasema nililodhani litamfikia mfupani.

"Ndiyo maana mama hakupendi. Mimi ananiletea maji kitandani kila asubuhi. Wewe amewahi kukuletea nini?"

Dada aliendelea kuparua yule samaki mpaka akammaliza. Alimgeuza, akamweka kwenye beseni.

"Na anachokikoroga humo, umewahi kukiona?"

Sikuelewa. Akanieleza bila kuinua sauti, bila hata kunitazama. Daktari alisema kimoja, kimoja nakimeza. Cha pili mama anakisaga kwa mgongo wa kijiko, anakitia kwenye kikombe, anakoroga. Yeye, dada, alimwona siku ya kwanza na kila siku iliyofuata.

"Na wewe ukanyamaza," nilisema.

"Ulikuwa unanisema mbele za watu. Nikasema, acha anywe."

Kisha akachukua samaki mwingine.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Sikulia wala sikupiga kelele. Kilichonijia kwanza hakikuwa hofu ya kufa. Nilifikiria zile ndala za alfajiri, na shuka lililovutwa mpaka mabegani, nikaona aibu mbele ya dada yangu kwa jinsi nilivyokuwa nimevitaja kwa majivuno.

Kesho yake nilimsubiri mama nimekaa. Aliingia kama kawaida, akashangaa kunikuta macho. Nilikichukua kidonge, nikakiweka kando. Nikamrudishia kikombe.

"Kunywa wewe, mama."

Alikitazama kikombe. Hakujifanya haelewi, nampa haki yake katika hilo. Mama yangu alikuwa na ubaya mwingi, lakini akibanwa hakuwa mwongo. Alikaa pale pale anapokaa siku zote.

"Nimezaa wawili," alisema. "Mmoja mzembe, mmoja mgonjwa. Nimefanya kazi tangu baba yenu afe, peke yangu. Halafu Mungu akanipa miezi michache ya kuwa na mtoto mzima. Ungekuwa wewe, ungemwachia?"

"Ningekufa, mama."

"Hukufa."

Aliniambia neno hilo bila ukali wowote. Alikuwa ananionyesha tu kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Nje kulikuwa kunaanza kupambazuka, na mtu alikuwa anapita na baiskeli ya kuuza maziwa, akipiga kengele. Mama alikuwa bado ameshika kikombe. Nikakichukua mkononi mwake, nikanywa maji yote, na kile kidonge nikakimeza juu yake. Mpaka leo sijaweza kumweleza mtu kwa nini. Labda nilijua ni siku ya mwisho atakayonikalia pale. Alinipokea kikombe, akainuka. Shuka hakunivuta.

Nilichukua pakiti chumbani kwake mchana wa siku hiyo, akiwa bandani. Daktari nilimwambia kwamba nilikuwa nakosea kumeza, na kwamba nimejirekebisha. Hakuuliza zaidi. Nilimeza kimoja kutoka hapo, kwa mkono wangu, na miezi michache baadaye damu ikakaa sawa. Mikono ikatulia. Moyo ulirudi kugonga mahali pake, kimya, kama mtu mzima. Sikurudi kule kwa zamani, kwenye sweta na kusinzia. Nilikuwa mtu wa kawaida tu: ninayechoka jioni, ninayehitaji kukaa kidogo baada ya kupanda mteremko.

Mtu wa kawaida hakuwa na nafasi katika banda la mama. Hakunirudishia lile jina la zamani. Ingekuwa afadhali. Aliacha kuniita kabisa. Akitaka kitu kwangu alimwambia dada, na dada akaniambia. Jumapili moja, nje ya kanisa, nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nilimsikia akiwaambia akina mama, "Mungu alinipa mtoto, daktari akamchukua." Wakampa pole. Mmoja wao, aliyenijua vizuri, alinitazama usoni huku anampa mama pole, kisha akanipa mkono na mimi, kama mfiwa mwenzake.

Nilihama kabla ya masika. Nilipanga chumba Kisesa, njia ya kwenda Bujora, nikanunua cherehani iliyotumika, nikaanza kushona sare za shule. Ni kazi ya kukaa, na mwenye cherehani hapigiwi honi. Mama hakunizuia wala kuniuliza nakwenda wapi. Siku naondoka alikuwa anakaanga, akageuza samaki, akasema mlango niurudishie. Dada alinibebea godoro mpaka kituoni, akihema. Nilimwomba msamaha pale kituoni, na yeye akasema gari linakuja. Mpaka leo hatujalizungumza tena.

Mwaka jana shangazi yetu alifariki kule Sengerema, tukakutana kivukoni watatu kwenda kuzika. Nilikuwa sijamwona mama kwa muda. Alikuwa amepungua, mgongo umeanza kuinama, lakini alibeba sufuria lake la msiba mwenyewe na hakukubali kusaidiwa. Ndani ya pantoni dada alikwenda kutafuta pa kukaa. Mama akabaki amesimama karibu yangu kwenye ukingo, tunatazama mawe ya mjini yakirudi nyuma. Akanishika mkono juu ya kiwiko, akaubana kidogo.

"Moyo umetulia?" aliuliza.

Hakuwahi kuniuliza habari za moyo wangu.

"Umetulia, mama."

Aliubana mkono wangu tena, akapima nyama yake kwa vidole, akanitazama kutoka mabegani hadi miguuni.

"Inaonekana," alisema.

Akaniachia, akaenda kukaa na dada.